Kumleta mtoto nyumbani: Mwanza hadi Usa River, siku kwa siku

Safari hii ni ya mume na mke wanaoishi Usa River, nje kidogo ya jiji la Arusha, ambao kibali chao cha malezi ya kambo kimetoka na mtoto wao yuko makao ya watoto Mwanza. Ana mwaka mmoja na miezi miwili, uzito kilo 9. Ni mwezi wa Juni, Arusha imeanza baridi.

Mtoto huyu atabadilishiwa watu wote anaowajua kwa mkupuo mmoja. Hilo halikwepeki. Linalokwepeka ni kumbadilishia uji, blanketi, sabuni, jina na namna ya kulala ndani ya wiki hiyohiyo. Karibu kila tunachoelekeza hapa kinatokana na hilo.

Siku ya 1, Usa River

Leo ni makaratasi. Kibali cha malezi ya kambo hutolewa na Kamishna wa Ustawi wa Jamii baada ya afisa wa halmashauri kufika kwenu, kukagua na kuandika taarifa. Hiyo siyo amri ya kuasili, ile inayomfanya mtoto awe wenu kisheria. Amri huombwa Mahakama Kuu baadaye, kipindi cha malezi kikishatimia, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji asiye ndugu wa mtoto awe na umri wa zaidi ya miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Ikishatolewa, ndipo RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, huingiza jina kwenye daftari la watoto walioasiliwa. Wiki hii, basi, mtoto bado yuko chini ya jicho la ustawi wa jamii, na mtu mzima anayesafiri na mtoto ambaye karatasi zake zina jina la ukoo mwingine anaweza kuulizwa maswali stendi au kwenye kizuizi chochote cha polisi.

Kibali halisi kikae na mama, mwilini, siyo kwenye begi. Nakala tatu abebe baba, na picha ya kila ukurasa iwe kwenye simu zote mbili. Begi likiibwa stendi, safari isife.

Halafu kaeni mezani msome jina la mtoto herufi kwa herufi: kwenye kibali, kwenye cheti cha kuzaliwa, na kwenye nakala ya kadi ya kliniki waliyowatumia. Majina ya Kisukuma huumia sana mikononi mwa makarani. Ng'washi huandikwa Ngwashi hapa, Mwashi pale. Tarehe ya kuzaliwa nayo, kwa mtoto aliyeokotwa, huwa ya kukadiria, na kadi inaweza kusema Machi huku cheti kikisema Aprili. Tofauti hizi hazizuii safari ila zitarudi mahakamani. Ziandikeni leo, mzipeleke kwa afisa wa Mwanza ili arekebishe yeye aliye karibu na chanzo. Ukiwa Arusha, kurekebisha kadi iliyoandikwa Mwanza ni kupigiana simu miezi.

Siku ya 2, maji

Hapa ndipo wazazi wengi wa ukanda wa Meru hupitiwa, kwa sababu wao wenyewe wamekunywa maji hayo tangu utoto. Maji ya visima na baadhi ya mito kuanzia Ngurdoto, Maji ya Chai hadi Usa River yana floraidi nyingi inayotokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku hupita hapo kwa mbali. Meno ya kahawia mnayoyaona mitaani yalianza kuharibika yakiwa bado ndani ya fizi. Meno ya mbele ya ukubwani hutengenezwa tangu mwaka wa kwanza hadi kama mwaka wa nne, kisha huota kwenye miaka sita au saba na doa lake tayari. Mtoto wa miezi 14 yuko katikati ya kipindi hicho.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo maji yaliyochemka sana yanakuwa na floraidi kali zaidi kuliko ya kwanza. Kinachosaidia ni maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati safi, au kichujio cha mkaa wa mifupa, ambao umefanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa huo huchoka, ubadilishwe kwa ratiba mnayopewa mnaponunua, kwani ukichoka maji hayabadiliki rangi wala ladha na hamtajua. Hesabuni lita 5 kwa siku za uji na kunywa kwa mtoto peke yake. Ya kuoga na kufulia si tatizo. Na magadi yasiingie kwenye chakula chake kabisa, hata kidogo cha kulainisha maharage, maana nayo yamebeba floraidi.

Nyumba yenyewe haina mengi. Kitanda cha mtoto kigusane na chenu, nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6 kichwa kisipite, godoro gumu lisiloacha mwanya pembeni. Chandarua chenye dawa. Jiko la mkaa lisilale ndani usiku hata baridi iwe kali vipi. Moshi wake usioonekana huua watu wamelala.

Mama alale na kanga moja kuanzia usiku huu, asiifue, ishike harufu yake.

Siku ya 3, mzigo

Pampasi 10 kwa kila siku ya barabarani, 7 kwa siku za kawaida, na nepi za kitambaa 6 za akiba. Pakiti 4 za ORS, kila moja ya lita 1. Vidonge vya zinki vya miligramu 20, kumi. Dawa ya maji ya parasetamoli ya miligramu 120 kwa mililita 5: mtoto wa kilo 9 anapewa mililita 5 kwa mara, apumzike saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Bomba la sindano lisilo na sindano la kupimia, kwa sababu kijiko cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Kipimajoto. Chupa ya chai ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa. Mbeleko. Sweta na kofia, kwa ajili ya kurudi.

Nguo mpya na midoli iacheni nyumbani.

Siku ya 4, barabarani

Pandeni basi linalopita Babati, Singida, Nzega na Shinyanga, karibu kilomita 800. Njia ya Serengeti ni fupi kwenye ramani, lakini ina viingilio vya hifadhi, vumbi, barabara ya changarawe na baridi ya ukingo wa Ngorongoro. Wenyewe mnaweza kuivumilia. Msizoee kuiwaza kwa kurudi.

Siku ya 5, Mwanza

Fikeni makao saa 3 asubuhi, baada ya kifungua kinywa, mkae saa mbili tu. Kazi ya leo ni kutazama. Msimbebe. Kaeni chini sakafuni, si kwenye viti, karibu na mlezi wake wa kila siku, mzungumze na mlezi huyo kwa sauti ya kawaida ili mtoto awaone mkikubaliwa na mtu anayemwamini. Akija mwenyewe, mpeni kidole.

Mtoto akiwarukia na kuwakumbatia dakika ya kwanza, msifurahi kupita kiasi. Mtoto aliyepitia mikono mingi hujifunza kumwendea yeyote. Yule anayejificha nyuma ya sketi ya mlezi na kulia anaonyesha kwamba ana mtu wake, na aliyewahi kuwa na mtu wake ataweza kuwa na mwingine. Wa kuhofiwa zaidi ni yule asiyelia hata akianguka, kwani huenda amejifunza kwamba kilio hakileti mtu. Huyo, nyumbani, mtamwitikia hata kwa mguno.

Mwombeni matroni ruhusa mumwachie mtoto ile kanga, kitandani kwake, chini ya shavu. Jioni nunueni daftari la kurasa 96. Litakuwa na thamani kuliko vyote mlivyobeba.

Siku ya 6, uji

Leo mnafika jikoni. Salimieni wapishi kwanza, "shikamoo mama" kwa aliye mkubwa, mkae pembeni mpaka mkaribishwe. Mnachotaka ni uji wake ulivyo, na jibu la "uji wa lishe tu" halitoshi. Pimeni kwa macho yenu: unga ni wa nini na nini, vijiko vingapi vya chakula kwa nusu lita, unachemka dakika ngapi, sukari inaingia au haiingii, maziwa yanatiwa kabla au baada, anakunywa kwa kikombe au kijiko, ukiwa wa moto kiasi gani. Makao mengine hukoroga uji mwepesi, vijiko 4 kwa nusu lita, ili watoto wengi wanywe haraka kwa kikombe. Mkimpa mtoto huyo uji mzito kwa kijiko siku ya kwanza atausukuma kwa ulimi, nanyi mtadhani hana hamu ya kula. Hajui tu kuula.

Ulizeni unga unasagwa wapi mnunue kilo 2. Akitumia kama gramu 60 kwa siku, zinatosha mwezi, wala msinunue zaidi kwa sababu wenye karanga huchacha. Wiki mbili za kwanza nyumbani ni unga huu mtupu. Kisha robo ya unga wa Arusha na robo tatu za huu kwa siku tatu, nusu kwa nusu siku tatu, na kuendelea. Uzito wa uji nao uongezwe polepole, kijiko kimoja cha unga kila siku chache, kwa kuwa umri wake unahitaji chakula chenye nguvu: robo tatu ya kikombe cha mililita 250 hadi kikombe kizima kwa mlo, mara 3 au 4, na vitu vidogo katikati.

Mchana mama amlishe, mlezi akiwa ameketi ubavuni. Mtoto akimgeukia mlezi, mlezi ampe kijiko kimoja na kurudisha bakuli kwa mama. Hapo ndipo makabidhiano yanapofanyika kwa kweli.

Siku ya 7

Kuoga na usingizi. Kama anaogeshwa kwenye karai la bluu uani saa 10 jioni, andikeni karai la bluu, uani, saa 10. Bomba la mvua la bafuni Usa River litamtisha. Sabuni ileile, mafuta yaleyale. Wanapolala, sikilizeni chumba: watoto wanane, taa ya korido, mlinzi anakohoa, redio. Mtoto huyu hajawahi kulala kwenye kimya.

Rekodini mlezi akimwimbia na akimwita. Andikeni anavyomwita, kama ni kwa Kisukuma iwe kwa Kisukuma. Kama mama kwake ni "mayu", mtatumia "mayu" pamoja na "mama" mpaka achague mwenyewe. Jina lake msiliguse. Mkitaka kuongeza jina la ukoo, mahakama itakuwa na nafasi hiyo.

Siku ya 8, maswali ya afya

Ni Jumatatu, nesi yupo. Nendeni na daftari.

Kadi ya kliniki iwe na BCG na matone ya polio ya kuzaliwa. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14. Surua rubella ya miezi 9. Dozi ya pili ya surua rubella ni miezi 18, itaangukia mikononi mwenu. Vitamini A na dawa ya minyoo ya mwaka mmoja zimetolewa lini? Zote hurudiwa kila miezi 6.

Majibu ya VVU yaulizeni kwa undani. Kabla ya miezi 18, kipimo cha kawaida cha kidole kinaweza kuonyesha kingamwili za mama aliyemzaa, siyo maambukizi ya mtoto. Kwa umri huu majibu yenye maana ni ya kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na cha kuhitimisha hufanywa akishafika miezi 18. Kuna wazazi waliokata tamaa, na wengine waliotulia mapema mno, kwa karatasi ambayo haikuwa na uwezo wa kusema walichodhani inasema.

La selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, msiliruke. Kanda ya Ziwa ndiyo inayoongoza nchini kwa ugonjwa huu, na mtoto asiyejulikana wazazi wake hana historia ya ukoo ya kuulizia. Kama hajapimwa, aandikiwe kipimo sasa au mara tu mkifika. Mtoto mwenye selimundu huumizwa zaidi na baridi na kukosa maji, nanyi mnampeleka penye baridi.

Na malaria. Mwanza ipo kwa wingi, Arusha ni kidogo sana. Akipata homa wiki ya pili au ya tatu mkiwa Usa River, mhudumu anaweza kufikiria mafua na kifua tu. Semeni mlangoni: "Mtoto ametoka Mwanza juzi, tunaomba kipimo cha malaria." Sentensi hiyo iwe ukurasa wa kwanza wa daftari.

Mchana huo mkae naye nje peke yenu, kwanza nusu saa, kisha saa moja, mkirudi kwa mlezi kila mara.

Siku ya 9, kuaga

Msimchukue akiwa amelala. Wapo wanaoshauri hivyo ili asilie. Akiamka ugenini bila kuona alivyoondoka, atakuwa anaogopa kulala kwa wiki nyingi, na hofu hiyo ina haki. Aondoke macho, mchana, kwa mikono ya mlezi mwenyewe kumweka kwenye mikono ya mama, mlezi akimwambia kwa maneno yake kwamba anakwenda na mama na baba. Mlezi akilia, alie. Pigeni picha yake, ya kitanda, ya mlango, ya karai.

Blanketi na nguo aliyolalia jana viombwe bila kufuliwa, vifungwe kwenye mfuko.

Usiku huu mko naye nyumba ya wageni. Taa ndogo iwake. Asipolala kabla ya saa 6, ni kawaida.

Siku ya 10, Mwanza hadi Singida

Kwa mtoto, kilomita 800 zigawanywe mara mbili. Aliye na uwezo wa gari dogo lenye kiti cha mtoto kinachotazama nyuma, hilo ndilo salama kuliko yote. Kwa basi, kateni siti za katikati, mbali na magurudumu ya nyuma, upande wa kulia: Juni jua liko kaskazini na njia hii inaelekea kusini mashariki, upande wa kushoto utaungua tangu asubuhi. Mkanda wa siti umfunge mzazi peke yake. Ukimpitishia mtoto ndani ya mkanda huohuo, basi likifunga breki mwili wako ndio unaomkandamiza.

Msimpe uji mwingi kabla ya saa 12 asubuhi. Vikombe vidogo, nusu nusu, kila baada ya saa mbili. Uji usikae kwenye chupa tangu alfajiri hadi mchana, huo ni uwanja wa vijidudu. Bebeni maji ya moto na maziwa ya pakiti ndogo za mililita 250, iliyofunguliwa iishe ndani ya saa mbili au imwagwe. Ndizi na yai la kuchemsha kama makao walikuwa wanampa. Mkipita Shelui jiandaeni kwa Mlima Sekenke: kona zake huwatapisha hata wazima. Mfuko mkononi, kitambaa chenye maji, asilishwe nusu saa kabla.

Abiria watataka kumpokea mtoto ili mama apumzike. Ni wema wetu wa basini tuliolelewa nao. Jibuni kwa adabu: "Asante sana mama, leo hajisikii vizuri kwa wageni," baba ampokee.

Singida, nyinyi kuleni kuku wa kienyeji, mnahitaji. Mtoto uji wake.

Siku ya 11, Singida hadi nyumbani

Kama kilomita 340 kupitia Katesh na Babati, upande wa kulia tena. Mvalisheni sweta kuanzia asubuhi. Mnafika Arusha mchana, Usa River kabla ya giza, na hilo si la bahati, ndiyo sababu ya kulala Singida: aione nyumba kukiwa na mwanga.

Uani kusiwe na watu. Hili litawagharimu maneno na familia, mlimalize wiki moja kabla. Kwa bibi iende sauti ya mwanawe mwenyewe: "Shikamoo mama. Mtoto anafika Alhamisi. Tunakuomba wiki mbili za kwanza uje umwone ukiwa umekaa, bila kumbeba wala kumlisha. Amebebwa na wengi, sasa tunataka ajue wake ni nani. Tutahitaji sana mkono wako jikoni." Bibi mwenye kazi ya kufanya haoni amefukuzwa. Loshoro aliyoiandaa, ile ya mahindi na maziwa mgando, iliwe na wakubwa.

Siku ya 12 hadi ya 14

Watu wawili tu wanaomlisha, kumwogesha, kumbadilisha na kumlaza. Karai lake liko uani, saa 10. Redio kwa sauti ya chini chumbani. Blanketi bado halijafuliwa. Likinuka kwa majirani, majirani wavumilie.

Akiweka chakula shavuni bila kumeza, ni tabia ya aliyekula kwa kuwahi. Onyesheni bakuli bado lina kingine, msimharakishe. Akiharisha siku ya pili au tatu, ni maji mapya na uchovu mara nyingi: ORS baada ya kila choo chepesi, mililita 50 hadi 100 kwa vijiko, zinki kidonge kimoja kwa siku kwa siku 10, chakula kisisimame. Damu kwenye choo, macho kuzama, kutapika kila kitu au kulegea, ni kituo cha afya saa hiyohiyo. Baba asishikwe na huzuni akikataliwa. Wengi huchagua mmoja kwanza. Mwingine apewe kuoga au uji wa asubuhi, jambo moja lenye saa yake, asilibadilishe.

Siku ya 15

Jumatatu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya Halmashauri ya Meru iko hapahapa Usa River: ripotini, acheni nakala ya kibali, mpange tarehe ya afisa kuja nyumbani. Taarifa zake ndizo zitakazosomwa Mahakama Kuu Arusha. Kutoka hapo nendeni kliniki, apimwe uzito na urefu, kadi iendelee ileile msiibadilishe, na kipimo cha selimundu kama hakikufanyika.

Jioni mpigieni mlezi Mwanza, simu iwe kwenye spika. Mtoto akisikia anavyoitwa anaweza kugeuka, kutafuta, kisha kulia kwa kilio ambacho hamjakisikia bado. Msikate simu. Mama amshike, mlezi aimbe mpaka mwisho, halafu aoge saa 10 kama jana.